Alama za Vishale Zisipolingana na za Televisheni: Utatuzi wa Makosa ya Mwandishi Anayejifunzia Nyumbani

Mwongozo huu umetokana na makosa yaleyale ambayo waandishi wapya wa alama katika klabu yetu ya vishale (darts) hapa Tororo, Uganda, huniletea karibu kila wiki, wakiwa na daftari mkononi na lalamiko kwamba hesabu yao imekataa kulingana na ya televisheni. Wengi wao hufanya jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kosa lenyewe: huifuta namba yao, huandika ile ya skrini, kisha huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Kosa la hesabu ya vishale lina umbo lake, na tofauti kati ya namba yako na namba sahihi mara nyingi hukuonyesha mahali ulipoteleza. Ukiifuta kabla ya kuisoma, umetupa somo ulilokesha kulitafuta.

Nitatumia maneno tunayoyatumia klabuni. Katika mchezo wa 501 kila mchezaji huanza na alama 501, hurusha vishale vitatu katika kila zamu, na jumla ya zamu hutolewa katika alama zilizobaki, ambazo nitaziita salio. Trebo ni ukanda mwembamba wa ndani unaozidisha namba mara tatu. Dabo ni ukanda wa nje unaozidisha mara mbili. Katikati kuna duara la 25, na ndani yake jicho la ubao lenye 50. Legi, yaani mchezo mmoja wa 501, huisha salio linapofika sifuri kamili kwa kishale kilichoingia katika dabo au katika jicho.

Kabla ya kutafuta dalili yoyote, hakikisha kwamba unafanya mazoezi na si kunakili. Televisheni huonyesha salio muda wote, kwa kawaida sehemu ya chini ya picha, na jicho la binadamu haliwezi kujizuia kulitazama. Chukua kipande cha boksi, kitoboe matundu mawili, kipitishe uzi, kisha kitundike kutoka ukingo wa juu wa televisheni hadi kifunike sehemu hiyo. Usitumie gundi wala utepe wa kunata juu ya kioo, kwa kuwa skrini za kisasa huharibika kirahisi, na usizibe matundu ya nyuma yanayotoa joto. Kila legi inapoisha, inua boksi ulinganishe.

Dalili: salio lako limetofautiana na la skrini

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalostahili subira kuliko mengine yote. Jambo la kwanza, na rahisi kuliko yote, ni kujumlisha zamu zote ulizoandika za mchezaji huyo, kisha kuongeza salio uliloandika. Jibu likiwa 501, utoaji wako ni sahihi na kosa liko katika alama za zamu, yaani ulisikia, uliona au uliandika vibaya. Jibu lisipokuwa 501, kosa ni la utoaji, na hapo huna haja ya kulaumu macho wala masikio.

Chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi ni kukopa. Namba 501 ina sifuri katika makumi, kwa hiyo zamu ya kwanza kabisa ndiyo yenye mtego mkubwa: mtu anatoa 137 katika 501, anakopa kwa ajili ya mamoja, anasahau kwamba amekopa, anaandika 374 badala ya 364. Hesabu ya 501 ikikataa na tofauti yako ikiwa 10 au 100 kamili, usitafute zaidi, ni kukopa. Dawa yake ni kuacha kutoa kwa mtindo wa shule, kutoka mamoja kwenda mamia, na kuanza kutoa kutoka kushoto: toa 100 upate 401, toa 37 upate 364. Zamu ikikaribia mia, toa mia nzima kisha urudishe kilichozidi. Kwa mfano, ukitoa 85 katika 321, toa 100 upate 221, kisha rudisha 15 upate 236. Mtoto wangu wa darasa la tano aliushika mtindo huu jioni moja, ilhali mimi niliusumbukia mwezi mzima kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kukopa.

Chanzo cha pili ni kugeuza tarakimu: zamu ni 62, unaandika 26, salio ni 216, unaandika 261. Makosa ya namna hii daima huleta tofauti inayogawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na watunza hesabu wa maduka wanaijua kanuni hii tangu zamani. Ukiona tofauti ya 9, 18, 27, 36, 45 au 54, rudi kwanza kwenye namba ulizoandika ukaangalie kama mojawapo ikigeuzwa inaleta jibu sahihi.

Chanzo cha tatu ni kuona vibaya kishale, na hapa ubao wenyewe unakusaidia, kwa kuwa namba zimepangwa ili anayekosa 20 aadhibiwe kwa 5 upande mmoja na 1 upande wa pili. Tofauti ya 40 maana yake ni kwamba uliichukulia trebo ya 20 kuwa 20 ya kawaida, au kinyume chake. Tofauti ya 38 ni kosa hilohilo katika 19. Tofauti ya 15 ni 20 iliyodhaniwa kuwa 5, na tofauti ya 19 ni 20 iliyodhaniwa kuwa 1. Tofauti ya 57 inatokana na trebo ya 20 iliyochanganywa na trebo ya 1, na tofauti ya 25, hasa mwishoni mwa legi, ni duara la kijani lililochanganywa na jicho jekundu. Tofauti ya 45 inahitaji uangalifu, kwa sababu ina wazazi wawili: inaweza kuwa trebo ya 20 iliyochanganywa na trebo ya 5, yaani 60 na 15, au inaweza kuwa tarakimu zilizogeuzwa. Ile hesabu ya kujumlisha hadi 501 ndiyo itakayokuamulia: ikikubali, umekosea alama ya zamu, ikikataa, umegeuza salio.

Chanzo cha nne ni safu isiyo yake. Tofauti ikilingana na zamu nzima, kuna mambo matatu ya kuchunguza: umeiruka zamu, umeitoa mara mbili, au umeiandika kwa mpinzani. Ukiona salio la mmoja limezidi kwa 100 na la mwenzake limepungua kwa 100 hiyohiyo, jibu umelipata. Tofauti ikiwa mara mbili ya zamu, ulijumlisha mahali pa kutoa.

Mimi mwenyewe nililifanya kosa la safu katika mechi ya mtoano klabuni, mbele ya wageni. Mgeni wetu alirusha 100, nikaiandika upande wa mwenyeji, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu wote walikuwa wanatazama ubao wa vishale na si ubao wa chaki. Zamu iliyofuata mgeni aligeuka, akatazama namba yake kwa muda mrefu, akashusha mkono wenye vishale. Mwamuzi wetu, sajini mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, hakunikaripia. Alisema tu, “Ndugu, weka chaki chini kwanza, tuhesabu pamoja.” Tukahesabu kutoka juu, zamu baada ya zamu, mbele ya watu wote. Tangu usiku ule, kabla sijaandika namba yoyote, ncha ya chaki hugusa kwanza jina la aliyerusha. Nyumbani fanya hivyohivyo kwa ncha ya kalamu, hata kama unaona ni jambo la kitoto.

Ukishajaribu hayo yote kwa legi moja na tofauti bado haijulikani, acha. Piga mstari, andika tofauti hiyo pembeni, uanze legi mpya. Legi tatu au nne baadaye, tofauti zilizoandikwa pembeni zikitazamwa pamoja huonyesha mazoea yako kuliko legi moja inavyoweza.

Dalili: unachelewa, zamu inayofuata inaanza hujamaliza kuandika

Mara nyingi anayechelewa anahesabu kila kishale upya, ingawa hesabu yake ni nzuri. Wachezaji wa kiwango cha juu hurusha haraka, na zamu zao nyingi zinarudiarudia jumla chache ambazo mwandishi anapaswa kuzitambua kwa sura, kama mtu anavyomtambua jirani yake kwa mwendo. Tatu za 20 za kawaida ni 60. Trebo moja na mbili za kawaida ni 100, trebo mbili na moja ya kawaida ni 140, na trebo tatu ni 180. Trebo ya 20, 20 na 5 ni 85. Trebo ya 20, 20 na 1 ni 81. 20, 20 na 5 ni 45. 20, 5 na 1 ni 26. Kwa wanaopenda kushuka kwenye 19, jumla za kukariri ni 95, 133 na 171, na mchanganyiko wa trebo ya 19 na 20 mbili ni 97.

Kariri pia salio la zamu ya kwanza, kwa kuwa daima linatoka katika 501: 100 huacha 401, 140 huacha 361, 180 huacha 321, 60 huacha 441, 85 huacha 416, 95 huacha 406, na 26 huacha 475. Mwenye namba hizi kichwani huimaliza zamu ya kwanza bila kuhesabu chochote.

Chanzo cha pili cha kuchelewa ni lugha. Mwamuzi wa kwenye televisheni hutangaza kwa Kiingereza, nasi hapa Tororo mmoja huhesabu kwa Kiswahili, mwingine kwa Ateso, mwingine kwa Dhopadhola, na kila tafsiri inakula muda. Isitoshe, kwa Kiingereza kumi na tatu na thelathini hufanana masikioni, vivyo hivyo kumi na nne na arobaini, hasa ukumbi unapopiga kelele. Chagua lugha moja ya kuhesabia na ubaki nayo; kisha fanya jaribio la kuzima sauti kabisa kwa legi mbili. Ukienda vizuri zaidi bila sauti, tatizo lilikuwa sikio wala si hesabu.

Uchovu nao upo, na hauna aibu. Mashindano ya dunia ya Alexandra Palace, ukumbi wa London, huchezwa kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Januari, na vipindi vyake vya jioni vinavyoanza saa moja usiku London huwa ni saa nne usiku kwetu. Mwandishi aliyeamka alfajiri kwenda shambani hatapata hesabu safi saa sita za usiku. Fanya mazoezi kwa mechi za mchana au kwa marudio.

Dalili: salio la mchezaji limerudi juu

Unainua boksi na kukuta kwamba mchezaji uliyemwandikia 8 ameandikiwa 32. Hujakosea kutoa. Mchezaji amepitiliza. Anapovuka sifuri, anapobakiza 1, au anapofika sifuri kwa kishale kisicho cha dabo wala cha jicho, zamu nzima hufutika, na salio hurudi pale lilipokuwa kabla ya kishale cha kwanza cha zamu hiyo.

Mfano wenyewe huonekana hivi. Mchezaji ana 32, anatafuta dabo ya 16, kishale kinaangukia 16 ya kawaida. Sasa ana 16 na anatafuta dabo ya 8. Kishale cha pili kinaangukia 8 ya kawaida. Sasa ana 8 na anatafuta dabo ya 4. Cha tatu kinahama kidogo juu kikaingia 18, jirani wa 4 kwenye ubao. Kumi na nane haitoki katika nane, kwa hiyo anarudi 32, ingawa vishale viwili vya kwanza vilikuwa halali kabisa. Mwandishi aliyekuwa anafuta na kuandika kila kishale amepoteza 32 yake. Ndiyo maana salio la mwanzo wa zamu halifutwi mpaka zamu iishe, iwe kwenye daftari au kwenye chaki.

Dalili: umeandika namba isiyowezekana

Vishale vitatu haviwezi kuleta 163, 166, 169, 172, 173, 175, 176, 178 wala 179. Ukiikuta mojawapo katika safu ya zamu, kosa lipo bila shaka yoyote, na mara nyingi ni kosa la kujumlisha trebo. Kariri trebo kubwa: 20 ni 60, 19 ni 57, 18 ni 54, 17 ni 51, 16 ni 48, 15 ni 45.

Orodha hiyo isichanganywe na orodha ya masalio ambayo hayafungiki kwa zamu moja, nayo ni 159, 162, 163, 165, 166, 168 na 169. Salio kubwa linalofungika ni 170, kwa trebo mbili za 20 na jicho. Ukimwandikia mchezaji 168, kisha ukaona amefunga papo hapo, rudi nyuma, kwa sababu hakuwa na 168.

Kwa jaribio zuri la utoaji wa haraka, tafuta legi ya Michael Smith katika fainali ya dunia ya Januari 2023, ambapo alimaliza kwa vishale tisa mara tu baada ya Michael van Gerwen kukosa dabo ya 12 kwa kishale chake cha tisa. Safu ya Smith inapaswa kusomeka 321, 141, sifuri. Walioniletea daftari za legi hiyo walikuwa na safu ya Smith safi, na ya van Gerwen imevurugika, kwa kuwa walisahau kumwandikia mchezaji ambaye hawakuwa wanamshangilia.

Dalili: mchezaji anarusha lakini salio linabaki 501

Huenda unatazama World Grand Prix. Katika mashindano hayo mchezaji hufungua kwa dabo pia, na kishale chochote kilichotangulia dabo ya kwanza hakihesabiwi. Angalia jina la mashindano kabla ya kushika kalamu.

Vivyo hivyo kwa seti. Katika mashindano ya dunia, seti huchukuliwa na anayetangulia kupata legi tatu, na hesabu ya legi huanza upya. Ndiyo maana Luke Littler alimshinda van Gerwen seti 7 kwa 3 katika fainali ya Januari 2025, ilhali legi zilizochezwa zilikuwa nyingi zaidi ya kumi. World Matchplay ya Blackpool haina seti, ni legi tupu.

Dalili: wastani wako ni mdogo kuliko wa skrini

Karibu daima umeihesabia zamu ya mwisho vishale vitatu wakati mchezaji alimaliza kwa kimoja au viwili. Wastani hupatikana kwa kugawanya alama kwa vishale vilivyorushwa, kisha kuzidisha kwa 3. Kwa vishale 15, 501 huleta 100.2, kwa vishale 13, huleta 115.6. Weka nukta pembeni kwa kila kishale cha zamu ya mwisho.

Dalili: picha inaganda au namba hazisomeki

Mvua nzito hukata mawimbi ya dishi, na yakirudi utakuwa umekosa zamu mbili au tatu. Funga legi hiyo, usikisie. Mvua ikipita na picha ikabaki imeganda, kagua kwanza waya ulio nyuma ya dekoda kama umelegea. Zaidi ya hapo, mwite fundi wa dishi. Tororo inajulikana kwa radi: usipande paa wakati wa mvua wala wingu likiwa limetanda, na radi zikianza, chomoa televisheni na uache mazoezi. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona cheche kwenye soketi, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme aliyesajiliwa. Usiifungue soketi mwenyewe.

Namba za skrini zikionekana mbilimbili au zikififia wakati wengine chumbani wanazisoma vizuri, sogea karibu na uongeze taa. Hali ikiendelea kwa siku kadhaa, au ikiambatana na maumivu ya kichwa, nenda kwa daktari wa macho. Uoni ukibadilika ghafla, nenda siku hiyohiyo.

Dalili: nyumbani unafaulu, ubaoni unakosea

Kamera hutazama ubao kutoka mbele, lakini mwandishi husimama kando, na kutoka kando kishale kilicho ndani ya trebo huweza kuonekana kiko nje yake, hasa kikifunikwa na mwenzake. Simama tuli ukiutazama ubao, usimgeukie mchezaji, na subiri kishale cha tatu kitue ndipo usogee mbele usome. Kishale kilichodondoka hakina alama, hata kama uliona kimegusa trebo. Usiguse vishale. Mchezaji akikuuliza, mwambie alichopata au alichobakiza tu. Kumtajia dabo ya kutafuta ni kucheza kwa niaba yake.

Kwa kanuni zinazofuatwa katika klabu nyingi, kosa la utoaji hudaiwa kabla mchezaji huyo hajarusha zamu yake inayofuata. Kwa hiyo, ukiwa na shaka kuhusu kishale kilichokaa juu ya waya, au ukigundua kwamba salio uliloandika halijumliki hadi 501, nyoosha mkono umwite mwamuzi vishale vikiwa bado vimechomeka ubaoni, na uache chaki mpaka aseme.